Umelipia 50, unapata 11: maswali yenu kuhusu kasi ya intaneti ya nyumbani

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zina kilio kimoja: kasi iliyoandikwa kwenye tangazo haionekani nyumbani. Tumechagua zile ambazo jibu lake litamfaa na jirani. Majina ya kampuni yaliyotajwa tumeyaondoa, kwa kuwa matatizo haya hayachagui kampuni.

Nani mkweli, mimi au fundi?

*Ndugu wahariri, nimefungiwa faiba ya Mbps 50 (megabiti 50 kwa sekunde). Nikipima kwa simu chumbani napata 11, siku nzuri 14. Nikamwita fundi. Akapima sebuleni kwa simu yake, ikaja 47, akasema kila kitu kiko sawa, akaondoka. Nani mkweli? (Msomaji, Sinza)*

Wote wawili ni wakweli, ndugu yetu, ila mmepima vitu viwili tofauti. Intaneti ya nyumbani ina safari mbili. Ya kwanza inatoka kwa mtoa huduma na kuishia kwenye kisanduku kilichofungwa ukutani kwako, yaani ruta. Hiyo ndiyo uliyouziwa. Ya pili inatoka kwenye kisanduku hicho hadi kwenye simu yako, inapita hewani na kupenya kuta zako mwenyewe. Fundi alipima mwanzoni mwa safari ya pili, wewe ukapima mwisho wake. Hata hivyo fundi hakukutendea haki. Alipaswa kukuonyesha kasi inapotelea wapi kabla ya kufunga begi lake.

Cha kukata mzizi wa fitina ni kupima kwa waya. Tafuta kompyuta yenye tundu la waya wa mtandao, hata ya kuazima. Chomeka waya kwenye tundu lililoandikwa LAN1 nyuma ya ruta, kisha uzime waifai ya kompyuta. Hapa ndipo wengi wanapokosea: waya umechomekwa, lakini kompyuta bado inatumia hewa. Funga programu zote zinazopakua masasisho, na kama unatumia VPN, ile programu inayozungushia mtandao wako seva nyingine, izime. Halafu zima waifai ya ruta yenyewe kwa dakika 10 ili simu za nyumbani na televisheni zisigawane laini na kipimo chako. Fungua Speedtest ya Ookla, programu ya kupimia kasi, chagua seva (kompyuta ya mbali unayopimia) iliyopo Dar es Salaam, pima mara 3 mfululizo, kisha chukua namba ya katikati. Rudia saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 3 usiku, kwa siku 3, moja kati ya hizo iwe Jumapili. Kila mara andika tarehe, saa, kasi ya kupakua (kupokea), kasi ya kupakia (kutuma), pingi (muda wa ujumbe kwenda na kurudi, kwa milisekunde) na jina la seva. Karatasi hiyo itunze. Tutaihitaji mwisho wa safu hii.

Kabla ya kuiamini namba, hakikisha kompyuta na ruta zenyewe zimeelewana kwa kasi gani. Kwenye mipangilio ya mtandao wa waya utaona 100 au 1,000. Waya wa mtandao una nyuzi 8 ndani. Zikishika 4 tu, muunganisho unashuka hadi 100, na mwenye kifurushi cha 200 hataona zaidi ya 95 maisha yake yote, huku anamlaumu mtoa huduma. Kosa huwa ni kichwa cha waya kilichobanwa vibaya au uzi uliokatika ndani. Zipo nyaya za alumini iliyopakwa shaba zinazouzwa kwa bei ya kuvutia, na hizo hukatika upesi zikikunjwa. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe, hiyo si shaba. Nunua waya wa shaba tupu uliochapwa Cat5e au Cat6. Unabeba 1,000 hadi mita 100, umbali unaotosha nyumba yoyote ya Sinza.

Usitarajie 50 kamili. Data husafiri ikiwa imefungwa katika vipande, na kila kipande kina anwani yake kama bahasha ya posta. Bahasha hizo hula karibu asilimia 5 ya njia. Kwa hiyo 47 au 48 kwa waya ni 50 halali, hujaibiwa kitu. Ukipata 38 kwa waya, asubuhi na usiku, siku zote 3, hapo una madai.

Kwako wewe tunashuku waifai. Ruta nyingi hurusha kwa masafa mawili. Ya gigahezi 2.4 hufika mbali na kupenya kuta vizuri zaidi, lakini ni finyu na imejaa watu. Fungua orodha ya waifai kwenye simu yako ukiwa kitandani uhesabu majina ya majirani. Sinza nyumba zimebanana, hatutashangaa ukikuta 20. Wote hao wanagombea njia zilezile, na ni chaneli 3 tu, yaani 1, 6 na 11, ambazo haziingiliani. Masafa ya gigahezi 5 yana nafasi kubwa na kasi nzuri, ila kuta 2 za tofali za saruji zinatosha kuyamaliza nguvu. Ingia kwenye ruta (anwani yake imebandikwa chini ya kisanduku, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.100.1), uyape masafa hayo mawili majina tofauti, kisha upime kila moja ukiwa mita 2 kutoka kwenye ruta, halafu ukiwa chumbani. Ndani ya nusu saa utajua ukuta gani ndio mwizi.

Kisha angalia kisanduku kiliko. Mafundi hupenda kukifunga pale faiba inapoingilia, kwa hiyo unakikuta kona ya dirisha, nyuma ya kabati la televisheni, karibu na sakafu. Kikiwa hapo, nusu ya nguvu yake inawahudumia wapita njia. Kipandishe kimo cha mtu, kisogeze katikati ya nyumba, mbali na friji, kioo kikubwa na tangi la maji. Maji na chuma hunyonya au kurudisha mawimbi kuliko tunavyodhani.

Kiongeza waifai kimenipunguzia kasi

*Nilinunua kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi ili waifai ifike chumba cha watoto. Alama za mtandao zimejaa lakini video zinakwama. (Mama wa watoto wanne, Tabata)*

Mama, alama zilizojaa zinaonyesha tu kwamba simu inakisikia kidude vizuri. Hazisemi kidude chenyewe kinaisikia ruta vipi. Vifaa vingi vya aina hiyo vina redio moja inayopokea na kurusha kwa zamu, kwa hiyo kasi hukatika nusu papo hapo. Na kama umekichomeka ndani ya chumba chenye mtandao dhaifu, kinarudia udhaifu uleule kwa sauti kubwa. Kihamishe katikati ya njia, mahali ambapo simu bado inapata kasi nzuri kutoka kwenye ruta yenyewe. Dawa ya kudumu ni kupitisha waya wa Cat6 juu ya dari hadi chumba cha watoto na kufunga hapo ruta ya pili iliyowekwa kuwa kituo cha waifai. Kazi ya asubuhi moja kwa fundi, na kasi haipungui kabisa njiani.

20 imegeuka 2.4

*Shikamooni wahariri. Mimi ni mwanafunzi, nakaa Ubungo. Tumelipia 20 lakini nikipakua faili kompyuta inaandika 2.4. (Msomaji, Ubungo)*

Marahaba. Hujapunjwa, mwanetu. Kampuni huuza kwa megabiti, kompyuta huhesabu faili kwa megabaiti, na baiti 1 ni biti 8. Zidisha 2.4 kwa 8 upate 19.2. Kwa kasi yenu faili la gigabaiti 1 linachukua karibu dakika 7. Angalia herufi: Mbps yenye b ndogo ni biti, MB yenye B kubwa ni baiti.

Asubuhi farasi, usiku konokono

*Faiba yangu asubuhi inatoa 48, ikifika saa 2 usiku inashuka hadi 15, tena nimepima kwa waya. Na mwezi uliopita, kuanzia tarehe 20 hivi, ilikuwa 5 usiku na mchana. Niambieni ukweli. (Msomaji, Segerea)*

Umetuletea magonjwa mawili katika barua moja, na tunashukuru kwamba umeandika saa na tarehe.

La usiku ni msongamano. Faiba inayoingia kwako haitoki peke yake kutoka kwa mtoa huduma. Katika mfumo unaotumika zaidi majumbani, uzi mmoja hugawanywa kwa nyumba 32 au 64, na wote mnagawana takriban megabiti 2,500 za kupakua. Nyumba 64 zilizouziwa 50 kila moja ni megabiti 3,200. Hesabu hiyo si wizi, maana si rahisi wote mpakue kwa nguvu katika dakika moja. Mara nyingi pembamba pako mbele zaidi, kwenye kiungo kinachobeba mtaa mzima kwenda kituo kikuu. Mtaa ukiongezeka wateja na kiungo kisipopanuliwa, watu wakirudi kazini kasi inaporomoka. Kushuka kutoka 48 hadi 40 usiku kunavumilika. Kushuka hadi 15 kila siku maana yake kampuni imeuza kuliko inavyoweza kubeba, na hilo hutalitibu kwa kuzima na kuwasha ruta. Ni la kudai.

La kuanzia tarehe 20 ni ugonjwa mwingine. Msongamano hufuata saa. Kikomo cha matumizi hufuata tarehe. Kasi ikishuka ghafla siku moja, ikabaki chini saa zote, kisha ikapona siku unayolipia upya, umegusa kile ambacho mkataba huita matumizi ya haki: baada ya gigabaiti kadhaa unaendelea bila kukatwa, lakini kwa kasi ndogo. "Bila kikomo" kwenye bango huwa inahusu kiasi cha data tu. Inatukera kwamba jambo zito namna hii huandikwa kwa herufi ambazo mzee mwenye miwani hazioni, wakati neno "bila kikomo" limechukua nusu ya bango.

Kabla ya kuandika malalamiko, ondoa uwezekano mmoja: njia ya kupakia kujaa. Vifurushi vingi vina kasi ndogo ya kupakia kuliko ya kupakua. Kamera za ulinzi 4 zinazotuma picha nje kwa megabiti 2 kila moja zinakula 8. Simu za nyumbani nazo, zikirudi jioni, huanza kutuma picha za siku nzima kwenye hifadhi ya mtandaoni. Njia ya kupakia ikijaa, hata kupakua kunasuasua, kwa sababu kila kipande unachopokea lazima kithibitishwe kwa ujumbe unaorudi. Pima usiku mmoja kamera zikiwa zimezimwa.

Taa nyekundu na namba hasi

*Mtandao unakatika mara kumi kwa siku. Fundi alisoma "hasi 29" akasema mwanga ni mdogo, hajarudi tena. (Msomaji, Kinondoni)*

Fundi alisoma sawasawa. Mwanga unaofika kwenye kisanduku cha faiba hupimwa kwa desibeli, na visanduku vingi vimetengenezwa kufanya kazi kati ya hasi 8 na hasi 27. Kila namba 3 ikishuka, mwanga umepungua nusu. Kwenye hasi 29 kisanduku kinabahatisha: kinasoma, kinakosea, kinakatika, na taa iliyoandikwa LOS inawaka nyekundu. Sababu za kawaida ni faiba iliyokunjwa kwa kona kali nyuma ya kabati, kichwa chenye vumbi, au kiungio kibovu kwenye nguzo. Wewe kunjua mikunjo tu, faiba ipite kwa duara pana kama mdomo wa kikombe. Kichwa cha kijani usikichomoe, usikifute kwa kanga, na usichungulie ndani yake, maana mwanga ule hauonekani na unaweza kuumiza jicho. Mengine ni kazi ya kampuni, na gari la fundi lirudi mara ngapi ni shauri lao.

5G ya Kigamboni

*Nimenunua ruta ya 5G iliyotangazwa "hadi Mbps 100". Napata kati ya 9 na 30. (Msomaji, Kigamboni)*

Neno zito hapo ni "hadi". Kwenye mnara wa simu, kasi unagawana na kila aliye chini ya mnara huo, wakiwemo wapita njia. Kwa hiyo hapa kupanda na kushuka ni kwa kawaida zaidi kuliko kwenye faiba. Lakini mahali unapoiweka ruta panaweza kubadilisha mambo mara mbili au tatu.

Fungua ukurasa wa ruta utafute namba mbili. RSRP ni nguvu ya mawimbi, na ni hasi: hasi 80 ni nzuri sana, hasi 95 inaridhisha, chini ya hasi 105 ni shida. SINR ni usafi wa mawimbi dhidi ya kelele: juu ya 20 ni bora, chini ya 5 kasi itateseka hata alama zikijaa. Zunguka na ruta nyumba nzima, ukipumzika dakika 2 kila dirisha, uandike namba hizo. Mabati, nondo za dirisha na vioo vyenye karatasi ya kuzuia jua hula mawimbi, na 5G ya masafa ya juu huathirika zaidi. Dirisha linaloutazama mnara, ghorofani kama ipo, kwa kawaida hushinda. Angalia pia kama kisanduku kimeshika 5G kweli au kimerudi 4G kimyakimya. Na wewe unayetaka kununua kesho: azima simu ya 5G yenye laini ya kampuni hiyohiyo, upime dirishani kwako saa 3 usiku kabla hujatoa hela.

Kipimo kinasema 100, London inakwama

*Napima napata 98 kwa waya, lakini kikao cha video na ofisi ya London kinakatikakatika. (Msomaji, Mbezi Beach)*

Ulipima hadi seva ya Dar es Salaam. Kikao chako kinavuka bahari. Kutoka hapa hadi London ni zaidi ya kilomita 7,000, na mwanga ndani ya faiba hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Hata kebo ingenyooka kama rula, kwenda na kurudi ni milisekunde 70 na ushee, na kebo hazinyooki. Ukiona pingi ya 150 na zaidi kwenda Ulaya, si uzembe. Kinachoharibu kikao ni pingi inayoruka kutoka 160 hadi 500, au vipande vinavyopotea. Pima tena ukichagua seva ya London, kwa saa ileile ya kikao, ulinganishe.

Siku nyingine tatizo liko baharini kwelikweli. Kebo za SEACOM, iliyoanza kazi mwaka 2009, na EASSy ya mwaka 2010 zinatia nanga Dar es Salaam, na zilipopata hitilafu zote mbili tarehe 12 Mei 2024, nchi nzima ilihisi. Siku kama hiyo usigombane na ruta yako.

Naandikaje malalamiko yasikilizwe?

*Nina steshenari Mwenge, natuma kazi za wateja kwa intaneti. Nimepiga huduma kwa wateja mara 6, kila mara naambiwa nizime na kuwasha. (Msomaji, Mwenge)*

Simu hupotea hewani, andika. Ambatisha ile karatasi ya vipimo vya waya. Maneno machache yanatosha: "Mimi ni mteja mwenye akaunti namba fulani, kifurushi cha Mbps 30. Nimepima kwa waya mara 27 kwa siku 3. Kasi ya katikati ni 12 saa 3 usiku na 29 saa 12 asubuhi. Vipimo vimeambatishwa. Naomba mnieleze chanzo, tarehe ya marekebisho, na fidia ya siku nilizolipia bila kupata huduma." Usitukane, usieleze hasara ya duka kurasa tatu. Omba namba ya kumbukumbu ya malalamiko, na kila ujumbe unaofuata uanze na namba hiyo.

Soma mkataba kabla ya kutuma. Kama umeandikwa "hadi 30" bila kutaja kiwango cha chini, kampuni itajificha hapo. Lakini haimaliziki hapo: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na kasi ambayo mteja haioni hata asubuhi ni vigumu kuitetea. Ndiyo maana kipimo cha saa 12 asubuhi ni silaha yako kama kile cha usiku. Mtu anayehamia kampuni mpya aulize kwa maandishi mambo manne: kasi ya chini saa 2 hadi saa 4 usiku, kasi ya kupakia, gigabaiti ambazo baada yake kasi inapunguzwa na inapunguzwa hadi ngapi, na hitilafu inashughulikiwa ndani ya saa ngapi. Majibu ya mdomo dukani hayahesabiki.

Kampuni isipojibu au ikikujibu kwa kuzunguka, peleka malalamiko TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yenye jengo la Mawasiliano Towers Barabara ya Sam Nujoma, mwendo mfupi kutoka kwako Mwenge. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, lililoundwa kwa Sheria ya Mamlaka ya Mawasiliano ya mwaka 2003, ileile iliyoiunda TCRA, kwa ajili ya kumsemea mteja. Watakachokuuliza kwanza ni kama ulianza kwa mtoa huduma, kwa hiyo nenda na namba ya kumbukumbu, nakala ya barua, mkataba, risiti za malipo na vipimo. Toa nakala mbili za kila kitu hapohapo dukani kwako, na usiondoke dirishani kabla nakala yako haijagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.